Amesema "tufahamiane": umpe namba, mkutane, uombe muda, apitie kwa mtu au umkatalie?

Inatokea kwenye foleni ya benki, kwenye kikao cha harusi, kwenye daladala ya Mbagala iliyokwama foleni, au ofisini wiki ya kwanza ya mgeni kuanza kazi. Mtu anakusalimia vizuri, mnapiga stori mbili tatu, halafu linakuja: "Samahani, naweza kupata namba yako? Ningependa tufahamiane." Wengi wetu hatuna jibu lililoandaliwa. Tunajibu kwa aibu, kwa huruma, kwa haraka ya kushuka kituoni, au kwa sababu shoga yetu yuko pembeni anatubonyeza kwa kiwiko. Kesho yake ndiyo tunaanza kujiuliza kwa nini tulitoa namba, au kwa nini tulimtolea nje mtu ambaye, kusema kweli, alikuwa anavutia.

Ulinganisho huu ni wa aliyekwama hapo. Kumpenda au kutompenda mtu huwezi kukujua ndani ya dakika tano, kwa hiyo tuliache hilo. Kinachoamuliwa pale ni kidogo zaidi: unampa nini kwa sasa, na ukibadili mawazo utaweza kukirudisha? Ukilishika swali hilo, majibu sita yaliyo hapa chini kila moja litapata mahali pake.

## Vigezo vinne

Kila jibu nimelipima kwa mambo haya haya.

Anachojua juu yako. Baada ya jibu hilo, ana taarifa gani ambazo hakuwa nazo asubuhi: jina kamili, unapoishi, unapofanya kazi, sura za ndugu zako?

Kueleweka. Je, yeye atalisikia jibu kama ulivyolikusudia? Ugomvi mwingi wa mambo haya hauanzi na ubaya wa mtu. Unaanza pale mmoja aliposema "tuone" na mwenzake akasikia "ndiyo".

Kurudi nyuma. Ukiona hapakufai, unatokaje, na kwa usumbufu kiasi gani? Mimi kigezo hiki ndicho ninachokipa uzito kuliko vyote, maana mtu aliyejiachia pa kutokea hujibu kwa utulivu hata akikosea.

Gharama. Pesa, muda, na macho ya watu. Hayo macho ya watu tusiyadharau. Sinza mtu akikaa na mgeni wake mezani hakuna anayegeuka. Mji Mkongwe au Lamu, habari itafika nyumbani kabla yako.

## Kumpa namba ya simu

Ndilo jibu la wengi, na lina uzuri wake. Mnachati kwa nafasi, unamsoma mtu taratibu, hakuna anayewatazama. Wenye haya huandika vizuri kuliko wanavyoongea, na wapo walio kwenye ndoa leo walioanza na meseji ya "Mambo, ni mimi yule wa juzi pale stendi."

Anachojua juu yako. Watu hujidanganya kwamba namba ni tarakimu kumi tu. Ukishampa, anaweza kufungua M-Pesa au Airtel Money, akajifanya anakutumia shilingi elfu moja, na jina ulilosajilia laini likamtokea kwenye skrini, mara nyingi kabla hata hajaweka namba ya siri. Kwa Tanzania, tangu ulipoanza usajili wa laini kwa alama za vidole mwaka 2019, jina hilo ni lile la kitambulisho cha NIDA. Kwa hiyo yule uliyemwambia "niite Nana" sasa anajua jina lako, la baba na la ukoo, na akilitafuta Facebook anaweza kuikuta shule uliyosoma na picha za harusi ya dada yako. Laini ya pili, ambayo wengi tunayo, haibadilishi kitu hapa, kwa kuwa nayo imesajiliwa kwa kitambulisho kile kile.

WhatsApp nayo ina mambo yake. Kama hujagusa mipangilio, picha yako ya profaili huonekana na yeyote mwenye namba yako. Dawa ndogo ipo: usimsevu mapema. Ukiwa umeweka kwamba picha na status zionekane na watu uliowasevu tu, ambaye hujamsevu hatoona kitu hadi utakapoamua.

Kueleweka. Namba inasikika kubwa kuliko ilivyo. Wewe umetoa ili stori isikatike. Yeye anawasimulia wenzake kijiweni kwamba mambo yameshaiva. Isindikize na maneno yaliyonyooka: "Chukua, tupige stori kwanza. Sijaahidi kitu." Linasikika kavu kidogo, lakini mwenye nia njema halimkwazi, na mwenye haraka utamwona anavyobadilika uso hapo hapo.

Kurudi nyuma. Kumbloku ni kazi ya sekunde, ila namba hairudi. Atapiga kwa laini ya rafiki, atatuma salamu kwa meseji ya kawaida, atakutumia shilingi mia tano kwenye simu ili tu uone jina lake. Na kubadili namba siku hizi ni shughuli nzito: benki, pesa za simu, kikoba, LUKU, wateja wako kama unauza vitu mtandaoni, vyote vimeshikana na namba hiyo.

Gharama. Bando na usingizi. Kama hukuweka mipaka ya saa, "umelala?" ya saa sita usiku itakuja tu.

Inamfaa aliyekwisha kuonana na mtu huyo zaidi ya mara moja mahali pa kawaida, na ambaye angemtambua mtu mmoja au wawili wanaomfahamu mwombaji. Inamfaa pia mwenye maisha yasiyo na nafasi ya kukutana hovyo: muuguzi wa zamu, mama wa biashara anayefunga saa tatu usiku. Kwa mtu uliyemwona mara moja barabarani, mimi naiona ni kubwa mno kwa hatua ya kwanza.

Kuna njia ya katikati ambayo watu huisahau: chukua wewe ya kwake. "Nipe yako, nikipata nafasi nitakutafuta." Hapo uamuzi unabaki mkononi mwako. Kasoro yake ni kwamba wengine hukubipu papo hapo "ili nawe uwe nayo", kwa hiyo iandike tu kwenye simu na usiipige mbele yake. Na usichukue kama hujakusudia kutafuta, maana mwenzako atakaa wiki nzima anaisikilizia simu.

## Kumpa akaunti ya mtandaoni badala ya namba

Vijana wengi wa Dar na Nairobi siku hizi wanaanzia hapa: "Nitafute Instagram." Ni jibu jepesi na halina aibu kwa upande wowote.

Anachojua juu yako kinategemea ulichopachika. Ukurasa uliofungwa wenye picha chache haumpi kitu. Ukurasa ulio wazi unaweza kumpa zaidi ya namba: geti la nyumbani, sare ya kazi, jina la shule ya mtoto kwenye sweta. Pitia picha zako kwa jicho la mgeni kabla ya kulitumia jibu hili. Kueleweka ni rahisi, maana hakuna anayedhani kufuatana mtandaoni ni uchumba. Kurudi nyuma ndiko kunakoipa alama: unaweza kumwekea kizuizi ambacho hata hakioni, meseji zake zikaangukia kwenye maombi, na maisha yakaendelea. Gharama yake ni kwamba urafiki wa huko huelea. Anapenda picha, nawe unapenda zake, na miezi sita baadaye hamjaulizana hata kabila wala kazi.

Inamfaa asiye na uhakika, na anayetaka kuona kwanza mtu anaongeaje na watu wengine kwenye maoni. Haimfai aliye makini na ambaye naye amekuwa makini. Mtu mzima wa miaka arobaini aliyekuja kwa heshima na kuambiwa "nifolo" atajiona amechezewa.

## Kukutana kwanza, mchana, mahali pa watu

"Sitoi namba kwa leo, ila Jumamosi saa kumi nitakuwa Mlimani City na rafiki yangu. Ukipita tutapiga stori." Jibu hili huwashtua wengi kwa sababu linaonekana la kijasiri kuliko namba. Kwa vigezo vyetu, mara nyingi ndilo salama zaidi.

Anachojua juu yako. Anajua sura, ambayo tayari alishaiona, na yale tu utakayochagua kuyasema. Hajui unapoishi, mradi uende kwa nauli yako na urudi kwa nauli yako. Hapo ndipo watu hulegea: jioni imeingia, mvua, naye ana gari, "acha nikusogeze." Akikusogeza hadi nyumbani, ulichokilinda chote kimeondoka. Panda bajaji, au kama ni lazima akupeleke, shukia kwenye kituo kikubwa ambacho watu wa mitaa mingi hushukia.

Kueleweka. Ana kwa ana mtu huwezi kumsoma vibaya kama kwenye meseji. Unaona anavyomwita mhudumu, anavyopokea simu, anavyotaja watu wa jinsia yako. Nusu saa ya namna hiyo inasema zaidi ya wiki mbili za kuchati. Lakini mkutano una uzito wake. Kuna anayehesabu soda na chips mayai kama malipo ya awali. Lipa ya kwako, au mbadilishane: yeye anunue chakula, wewe maji na soda. Wanaume wengi watakataa, na jinsi anavyokataa ni habari nayo. Anayecheka akasema "siku nyingine utalipa wewe" si sawa na anayenuna.

Suala la nauli nalo lizungumzwe. Ukitumiwa nauli kisha hukwenda, umejitafutia jina baya na umemwonea mwenzako. Ukitumiwa ukaenda, usishangae akihisi una deni lake. Mahali palipo karibu na njia zako za kila siku panaondoa mjadala wote: Kariakoo kama ndiko unakofanyia kazi, Posta kabla ya kupanda mwendokasi, Forodhani kama uko Unguja na watu wako hawana shida na kukuona pale.

Kurudi nyuma. Unaaga. "Nimefurahi, ngoja niwahi." Kama hujatoa namba, imekwisha hapo.

Gharama. Muda, nauli, na macho ya watu, ambayo hapa ni makubwa kuliko kwenye jibu lolote isipokuwa la mshenga. Kwa binti wa familia yenye msimamo, kuonekana amekaa na mwanamume asiyejulikana kunaweza kumletea maneno ya miezi, na kumwambia "usijali watu watasema nini" ni ushauri wa mtu asiyeishi mtaa huo.

Inamfaa mwenye uhuru wa kutembea, anayejiamini kusema "naondoka", na anayeweza kumwachia mtu mmoja ujumbe wa aina hii: "Niko hapa na fulani, saa kumi na mbili nitakupigia." Simu iwe na chaji. Ufukweni usiku, Coco Beach watu wakishaanza kupungua, si mahali pa mara ya kwanza, hata mihogo iwe mitamu vipi.

## Kuomba muda

"Nipe muda nifikirie." Hili ndilo jibu linalotumika vibaya kuliko yote. Wengi wetu tunalisema tukiwa tumeshajua kwamba hatutaki, tukitumaini muda utamkatalia kwa niaba yetu. Muda hauwezi kazi hiyo. Mwenzako anahesabu siku, anatuma salamu za Ijumaa, anakutumia vocha, na siku unaposema hapana anauliza kwa haki kabisa: ulikuwa unangoja nini?

Likitumiwa kwa ukweli, lakini, ni jibu zuri. Liwe na tarehe: "Nipe mpaka Jumapili, nitakujibu mwenyewe." Na hiyo Jumapili umjibu.

Anachojua juu yako: hakuna jipya. Kueleweka: hapo ndipo panapovuja. Bila tarehe, tuliolelewa kwenye adabu ya kutomkatalia mtu usoni tunasema "nitafikiria" tukimaanisha hapana, na aliyeambiwa, kwa kuwa anataka, anasikia karibu-ndiyo. Kurudi nyuma: rahisi ndani ya siku chache, na ngumu kila wiki inayopita, hasa ukiwa umeshaanza kupokea zawadi. Kwenye zawadi, kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaruhusu mtu kudai mahakamani zawadi alizotoa kwa sharti la ndoa ambayo haikufungwa. Haimaanishi vocha ya elfu mbili itakufikisha kortini, lakini simu janja au cherehani iliyokuja na maneno ya "kwa ajili ya maisha yetu" inaweza kuwa na mjadala. Ukiwa bado unafikiria, usipokee. Gharama: utulivu wa mtu mwingine, na wakati mwingine heshima yake kwako.

Inamfaa aliyetoka kwenye msiba au kwenye uhusiano uliovunjika, aliye katikati ya mitihani, au anayetaka kumuulizia mtu kwanza. Kumuulizia ni jambo la busara: anafanya kazi pale kweli? Ana mke? Huyo "ndugu" anayempigia kila jioni ni ndugu? Siku tatu au nne zinatosha kupata majibu hayo kwenye mji wowote wa kwetu.

## Apitie kwa mtu

Kuna namna mbili, na watu huzichanganya. Ya kwanza ni rafiki wa pamoja: "Wewe na Mama Salma mnasali pamoja, si ndiyo? Mwambie yeye, ataniambia." Hii ni nyepesi, na kazi yake ni kumchuja mtu. Ya pili ni ya wakubwa: shangazi, somo, mjomba, mchungaji au mama mlezi wa kanisani. Hapo umesema, hata kama hukukusudia, kwamba unazungumzia ndoa.

Anachojua juu yako ni anachoambiwa na mtu wa kati, ambaye hatanyamaza. Shangazi atasema una hasira za asubuhi na unapika pilau vizuri. Kwa upande wa pili, nawe utajua mengi: ukoo, madeni, ndoa ya kwanza iliyovunjika Tanga. Hakuna jibu lingine kati ya haya sita linalokupa habari nyingi za mwenzako kwa haraka namna hii.

Kueleweka. Kwa walio kwenye mila hizo, hakuna utata wowote. Mwanamume anayetaka kupoteza muda wako hupotea mwenyewe akisikia "nenda kwa baba mdogo". Ila mtu mwema wa miaka ishirini na nne, aliyetaka tu kukujua, naye atakimbia. Huyo hakuwa mbaya, alikuwa bado.

Kurudi nyuma. Ugumu wake uko hapa. Wakubwa wakishaanza kuzungumza, jambo linatembea lenyewe: barua ya posa, kishika uchumba, mahari, vikao. Kila hatua ina watu zaidi wa kuwaeleza ukitaka kusimama. Sheria iko upande wako, kwa kuwa Sheria hiyo hiyo ya Ndoa inataka ridhaa ya hiari ya wote wawili, na "nimebadili mawazo" ni haki yako hata baada ya barua kujibiwa. Lakini haki ya kisheria na sura ya mama yako akirudisha kishika uchumba ni vitu viwili.

Gharama. Uhuru kidogo, subira nyingi. Macho ya watu hapa yanageuka kuwa msaada, kwa sababu hakuna kinachofichwa.

Inamfaa aliye tayari kwa ndoa, anayeheshimu utaratibu wa kwao, na mwenye angalau mkubwa mmoja anayemsikiliza kweli. Kama mkubwa wako huamua kabla ya kukuuliza, anza na rafiki wa pamoja.

## Kumkatalia hapo hapo

"Asante kwa kunithamini, ila sitaweza. Nakutakia kila la heri." Maneno tisa, na bado kwa wengi ni magumu kama kunywa mwarobaini.

Anachojua juu yako: hakuna. Kueleweka: hutegemea sababu utakayoongeza. "Nina mtu" hufanya kazi haraka, lakini kama si kweli umemwambia kwamba tatizo ni foleni tu, naye atasubiri. "Nina kazi nyingi" inaleta "nitakusubiri upunguze". Hapana isiyo na sababu ndiyo inayoeleweka zaidi, na si utovu wa adabu. Adabu iko kwenye sauti. Usicheke, usimwangalie rafiki yako, usimsimulie mtaani. Aliyekuja kwa heshima ametumia ujasiri wake wote kuvuka barabara.

Kurudi nyuma: kunawezekana kuliko watu wanavyodhani. Aliyekataliwa vizuri bado husalimia, na mtu anaweza kubadili mawazo baada ya mwaka. Aliyefedheheshwa mbele ya wenzake harudi. Gharama: dakika chache za aibu. Na kwa wanawake, wakati mwingine, matusi. Ukiona mtu anasogea, anakushika mkono, au anakufuata, wajibu wa adabu umekwisha. Ingia dukani, simama na mama ntilie, taja kwa sauti kinachotokea.

Inamfaa yeyote aliyekwisha kujua jibu lake. Inawafaa sana wanaume, na nataka niseme hapa kwa sababu ni nadra kusemwa. Mwanamke akionyesha nia, wanaume wengi husema "sawa" kwa mshangao au kwa sifa, kisha humweka pembeni kama akiba. Naye anastahili hapana iliyonyooka, faraghani, bila picha ya meseji zake kusambazwa kwenye kundi la WhatsApp la wanaume.

## Kwa hali yako

Mmekutana njiani mara moja, na moyo umekubali kidogo. Chukua wewe namba yake, au mpe akaunti iliyofungwa. Kukutana mchana kufuate. Namba yako ingoje.

Ni mfanyakazi mwenzako wa ngazi moja. Kukutana nje ya ofisi au kumkatalia mapema. Kuomba muda ofisini ni kujitesa, maana mtaonana kwenye chai kila saa nne.

Ni bosi, mhadhiri, au mwenye uamuzi juu ya ajira au alama zako. Hapa usilinganishe kama vile mko sawa. Akikuwekea sharti, kwa Tanzania Bara Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inaihesabu rushwa ya ngono kuwa kosa, na TAKUKURU hupokea malalamiko hayo. Jibu kwa maandishi, kwa ufupi, na utunze meseji. Kama hakuna sharti na nia yake ni njema, ataelewa ukimwambia jambo hilo lisubiri hadi asiwe na mamlaka juu yako.

Ni dereva bodaboda wa kijiwe cha kwenu, muuza duka, jirani. Tayari anajua unapoishi, kwa hiyo kigezo cha kwanza kimepungua maana, na cha tatu kimekuwa kila kitu: mtaonana kesho. Hapana ya mapema yenye heshima, au rafiki wa pamoja. Usimwache kwenye "tutaona" huku ukiendelea kubebwa bure.

Mnasali pamoja, au familia zinajuana. Apitie kwa mtu, ukianza na yule mwepesi. Wakubwa wafuate ukishajua unataka.

Yuko mbali: Muscat, Minnesota, Afrika Kusini. Kukutana hakuwezekani kwa sasa, kwa hiyo simu ya video ichukue nafasi yake, mchana, mwanga ukiwepo, na isiwe mara moja tu. Unganisha na mtu wa kati. Wazanzibari wengi wana ndugu Oman, na ndugu huyo anaweza kwenda kumsalimia. Pesa isitumwe upande wowote kabla ya hapo, na picha ambazo usingemwonyesha mama zisitumwe kabisa.

Una chini ya miaka 18, na anayekuja ni mtu mzima. Ulinganisho huu haukuhusu. Mwambie mama, mwalimu au mtu mzima unayemwamini. Kwa Tanzania namba ya bure ya kusaidia watoto ni 116.

Ulishasema hapana, naye haachi. Meseji za vitisho na usumbufu zinaguswa na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na vituo vingi vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Usifute meseji kwa hasira, ndizo ushahidi wako.

Ulishasema ndiyo kwa haraka, na sasa umebadili mawazo. Usimchunie. Andika: "Habari. Nimefikiria vizuri, naona sitaendelea na mazungumzo haya. Hukunikosea, na nakushukuru kwa heshima yako." Atauliza kwa nini. Jibu mara moja kwa kifupi. Akiuliza ya pili, mwambie jibu ni lile lile, kisha weka simu chini uendelee na kazi zako.